Taa Nyeupe za LED: Namna ya Kuzifanya Zidumu na Kuzizuia Zisififie Kabla ya Wakati

Globu ya zamani ya waya ilikuwa ikitoa karibu mwanga wake wote mpaka siku ya mwisho, kisha waya ukakatika na kila mtu nyumbani akajua kuwa taa imekufa. Taa nyeupe ya LED haifi hivyo. Hupoteza mwanga kidogo kidogo, na kwa kuwa macho ya binadamu huzoea upungufu unaokwenda polepole, familia inaweza kukaa mwaka mzima ikidhani macho yake yamechoka, ilhali kilichochoka ni taa. Mtoto anayedurusu msahafu au daftari la skuli chini ya taa kama hiyo hawezi kulalamika, kwa sababu hajui ilikuwaje siku ilipotiwa. Hilo ndilo linalonifanya nilione jambo hili kuwa zito kuliko bei ya globu.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyekabidhiwa taa hapa Unguja na Pemba, awe mwenye nyumba, mwangalizi wa msikiti, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenye nyumba ya wageni au mvuvi. Msingi wake ni kwamba adui mkubwa wa taa ya LED ni joto, na kwamba umri ulioandikwa kwenye boksi hauna maana mpaka ujue taa yako inakaa katika joto gani na inasukumwa kwa umeme kiasi gani.

Hatua ya kwanza: Jua kinachochakaa ndani ya taa

Taa hizi hazina chipu inayotoa weupe yenyewe. Ndani yake mna chipu ndogo za galiamu naitraidi zinazotoa mwanga wa buluu, na juu ya chipu hizo kumewekwa unga wa manjano uitwao fosfa, uliochanganywa na silikoni. Sehemu ya mwanga wa buluu hupenya ilivyo, sehemu nyingine hugeuzwa na unga huo kuwa ya manjano, na jicho likizipokea zote mbili kwa pamoja huona weupe. Kampuni ya Nichia ya Japani ilianza kuuza taa nyeupe za namna hii mwaka 1996, na mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Nobeli ya Fizikia kwa kuvumbua chipu ya buluu ambayo bila yake weupe huu usingepatikana.

Zaidi ya nusu ya umeme unaoingia katika globu ya kawaida ya LED hauwi mwanga bali huwa joto. Katika globu ya waya joto lilitoka pamoja na mwanga, ndiyo maana ukiweka mkono mbele yake ulihisi kuungua. Katika LED joto hubaki nyuma ya chipu, na njia yake ya kutokea ni bamba la alumini na kiwiliwili cha taa. Likikosa njia, kasoro ndogo zilizomo ndani ya chipu huongezeka na mwanga wa buluu hupungua, silikoni hupoteza uangavu wake, na madini ya fedha yaliyo chini ya chipu kwa ajili ya kuakisi mwanga huingia weusi, hasa pale ambapo hewa ina gesi ya salfa. Taa ndogo za duara zenye kipenyo cha milimita 5, zile za tochi na za mapambo, zina udhaifu zaidi kwa sababu chipu yake imezungukwa na epoksi, na epoksi hugeuka manjano kwa joto na kwa mwanga wenyewe wa buluu. Tochi iliyokuwa ikimulika mpaka ng'ambo ya mtaa hupoteza nguvu katika muda mfupi sana ukilinganisha na globu ya dari.

Sehemu ya pili ya taa ni draiva, yaani saketi ndogo iliyofichwa shingoni, inayopokea umeme wa volti 230 na kuupunguza uwe mkondo unaozifaa chipu. Kiungo chake dhaifu ni kapasita, yaani kikopo kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme, chenye majimaji ndani. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba umri wa kapasita hiyo hupungua kwa nusu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itafika kiasi cha saa 8,000 ikikaa katika nyuzi 85, na kiasi cha saa 32,000 ikikaa katika nyuzi 65. Ni kapasita ile ile moja, na kilichotofautiana ni mahali ilipofungwa tu.

Kwa hiyo kila taa ina umri wa kufifia na umri wa kukatika, na huo wa pili mara nyingi hutangulia katika globu za bei ya chini.

Hatua ya pili: Soma boksi kwa hesabu

Muda unaoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ule ambao taa itachukua hadi kubakiwa na asilimia 70 ya mwanga wake wa mwanzo, kiwango ambacho wahandisi hukiandika L70. Wamechagua 70 kwa kuwa upungufu ulio chini ya thuluthi moja, ukija polepole, watu wengi hawautambui. Maana yake ni kwamba taa iliyotimiza saa zake inaweza kuwa bado inawaka, ila haistahili tena kusomewa.

Chipu hupimwa kwa utaratibu wa Marekani uitwao LM-80, uliotolewa mwaka 2008, ambao unataka ziwashwe angalau saa 6,000 katika joto lililodhibitiwa. Utaratibu mwenzake wa mwaka 2011, TM-21, unaeleza namna ya kukadiria umri kutokana na vipimo hivyo, na hauruhusu makadirio yazidi mara sita ya muda uliopimwa. Chipu iliyopimwa saa 6,000 haiwezi kudaiwa kihalali zaidi ya saa 36,000. Zaidi ya hayo, kipimo hicho ni cha chipu pekee. Hakisemi lolote kuhusu draiva iliyofungiwa katika shingo ya plastiki. Ukiona globu nyepesi ya bei ndogo imeandikwa saa 50,000, elewa kuwa hata kama namba hiyo ina chanzo, si umri wa globu uliyoishika mkononi.

Sasa geuza saa kuwa miaka. Taa ya ukumbini inayowaka kwa muda wa saa tano kila usiku hutumia saa 1,825 kwa mwaka, hivyo globu ya saa 15,000 ingefaa kukaa miaka minane. Taa ya ulinzi ya nje haina hesabu hiyo. Visiwa vyetu viko karibu nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, usiku ni takriban saa 12 mwaka mzima, na taa inayowashwa magharibi ikazimwa alfajiri hutumia saa 4,380 kwa mwaka. Globu ile ile itatimiza saa zake kabla ya miaka mitatu na nusu. Hii ndiyo sababu taa ya nje inastahili fedha zaidi kuliko ya chumbani, ingawa wengi wetu tunafanya kinyume chake.

Hatua ya tatu: Safisha, kisha pima

Kabla hujasema taa imefifia, izime, isubiri ipoe, ifungue na uifute kwa kitambaa chenye unyevu mdogo. Moshi wa jikoni, vumbi, chumvi ya bahari na mizoga ya kumbikumbi wa masika hujikusanya kwenye kifuniko na kula sehemu kubwa ya mwanga. Kifuniko cha plastiki cha taa ya nje kikishageuka manjano kwa jua, kukisugua hakutasaidia. Kibadilishe kama kinauzwa peke yake.

Kupima hakuhitaji kifaa cha ghali. Simu nyingi za kisasa zina kihisio cha mwanga karibu na kioo chake, na zipo programu za bure zinazokionesha kipimo hicho kwa luksi, yaani kipimo cha mwanga unaofika mahali. Namba yake inaweza isiwe sahihi kabisa, lakini simu ile ile ikitumiwa mahali pale pale inatosha kulinganisha jana na leo. Subiri usiku uingie, zima taa nyingine zote, iache taa unayoipima iwake nusu saa ili ifikie joto lake la kawaida, kwa sababu ikiwa baridi mwanga wake huzidi kidogo ule wa kawaida. Laza simu sakafuni au juu ya meza, kioo kikitazama juu, chini kabisa ya taa, na usogee pembeni ili kivuli chako kisiingie. Andika namba hiyo na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye shingo ya globu. Rudia kila baada ya miezi sita. Ikiwa siku ya kwanza ilisoma 120, siku itakaposoma 84 imefika asilimia 70, na wakati wa kuibadilisha au kuihamisha umewadia.

Kwa asiyetaka habari za simu iko njia nyingine ninayoiamini sana: nunua globu moja zaidi ya mahitaji, ya aina ile ile na siku ile ile, uiweke kabatini isitumike. Kila ukishuku, itie kwenye holda ya taa ya zamani kwa dakika chache, na tofauti utaiona mwenyewe. Msikiti wenye globu thelathini unamudu kuwa na shahidi mmoja kabatini.

Kwa chumba cha kusomea usiishie kwenye kulinganisha tu. Kiwango kinachoshauriwa na wataalamu wa mwangaza kwa madarasa ni angalau luksi 300 juu ya meza, au juu ya mkeka ikiwa watoto wanakaa chini. Vyuo vyetu vingi vinavyosomesha baada ya magharibi vina taa moja katikati ya chumba, na watoto waliokaa pembeni husoma kwenye kivuli chao wenyewe. Hapo hata globu mpya haitoshi. Zinahitajika mbili au tatu zilizotawanywa.

Hatua ya nne: Tambua ugonjwa kabla ya kutoa dawa

Ikiwa taa zote za nyumba hufifia kwa pamoja jioni na kurudi vizuri usiku wa manane, taa hazina kosa: umeme unaofika kwako ni mdogo, jambo linaloweza kutokea kwa nyumba za mwisho wa laini, mbali na transfoma, wakati kila mtu amewasha. Taarifu Shirika la Umeme Zanzibar, na wakati unasubiri, tumia taa ambazo draiva zake zinastahimili volti za chini.

Taa inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache ina draiva inayochoka au chipu inayoachia inapopata moto. Taa iliyokufa kabisa, ukiondoa kifuniko chake cha plastiki, mara nyingi itakuonesha chipu moja yenye nukta nyeusi katikati. Chipu hizo zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo moja ikikatika zote huzimika. Weupe ukigeuka kuelekea buluu au zambarau, tabaka la fosfa limeharibika au limeachana na chipu. Ukigeuka manjano, ni plastiki au epoksi iliyozeeka. Taa inayobaki ikitoa mwanga hafifu baada ya kuzimwa kwa kawaida huonesha kwamba swichi inakata nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya waya wa moto, au kwamba waya mrefu unavujisha umeme kidogo sana kutoka waya wa jirani yake. Hali ya kwanza ni hatari kwa anayebadilisha globu akidhani pamezimwa, basi mwite fundi airekebishe mapema.

Mafundi wengi hutengeneza taa yenye nukta nyeusi kwa kuipitisha risasi ya kulehemu juu ya chipu mbovu ili umeme uendelee. Taa itawaka, sibishi. Lakini chipu zilizobaki zimepita katika joto lile lile lililomuua mwenzao, na katika draiva za kawaida volti zilizokuwa zikitumiwa na chipu ile sasa hugeuka joto ndani ya draiva. Ifanye kama msaada wa siku chache, wala usilipie kama matengenezo.

Hatua ya tano: Chunguza mahali taa inapokaa

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atumie muda mwingi, kwa sababu ndipo miaka inapopatikana au inapopotea.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, zenye dari ndefu za boriti na kuta nene, huzitendea taa za LED wema mkubwa. Hewa huzunguka, na globu inayoning'inia kwa waya katikati ya chumba hupata upepo pande zote. Nyumba mpya ya bati yenye dari ya jipsamu ina tabia tofauti kabisa. Katika miezi ya Kaskazi nafasi iliyo kati ya bati na dari huwa kama tanuri mchana kutwa, na bado ina moto wakati wa magharibi unapowasha taa. Taa za duara zinazozamishwa ndani ya dari hiyo hupeleka joto lao katika hewa ambayo tayari ina moto. Ikiwa nyumba bado inajengwa, acha matundu ya hewa kwenye ncha za paa, na kwa vyumba vinavyowashwa muda mrefu chagua taa za kubandika chini ya dari. Ikiwa imeshajengwa, hakikisha hakuna gunia, sufi wala matandiko ya zamani yaliyowekwa juu ya taa, na punguza wati: taa mbili za wati 6 zinaishi vizuri mahali ambapo moja ya wati 12 ingeungua.

Kifuniko cha kioo kilichofungwa pande zote, kama vile vya barazani na chooni, hugeuka chumba cha mvuke kwa globu. Usitie humo globu yoyote isiyoandikwa kuwa inafaa kwa kifuniko kilichofungwa, na hata hiyo iwe ya wati ndogo. Zingatia pia mwelekeo: globu iliyoning'inia kichwa chini hupandisha joto lake shingoni, mahali penye draiva, na hiyo ndiyo hali ya kawaida ya holda za dari, basi walau isiwe pia imefungiwa.

Kwa taa za nje za pwani, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi na upande wa Pemba kuanzia Mkoani hadi Wete, chumvi huongeza kazi. Tafuta alama ya IP65, inayoonesha kuwa vumbi haliingii na maji ya kurushiwa hayapenyi. Lakini alama hiyo haidumu milele. Taa iliyopata moto ikanyeshewa ghafla hupoa, na hewa ndani yake husinyaa na kuvuta unyevu kupitia ufa wowote uliopo. Kila mwaka, kabla ya masika, fungua, kagua mpira wa kuzuia maji, na uhakikishe waya unaingia kutoka chini ili maji yasifuate waya mpaka ndani. Holda za pini huota kutu kwenye springi zake, kisha mguso unalegea na cheche ndogo zinaanza. Taa hupepesa na watu huilaumu globu. Badilisha holda kwanza.

Hatua ya sita: Chagua vizuri dukani

Mwombe muuzaji aiwashe taa na uiache robo saa huku ukifanya manunuzi mengine. Kisha iguse shingoni. Ikiwa vidole haviwezi kuvumilia, irudishe. Pima uzito wake mkononi ukilinganisha na nyingine ya wati ile ile, kwani iliyo nzito mara nyingi ndiyo yenye alumini ya kutosha. Soma volti zilizoandikwa: iliyoandikwa kufanya kazi katika upana mkubwa, kama volti 100 hadi 240 au 85 hadi 265, kwa kawaida ina draiva inayoshikilia mkondo uleule umeme unapopanda au kushuka, wakati draiva rahisi kupita zote, isiyo na zaidi ya kapasita ya kupunguzia umeme, huongeza mkondo kila volti zinapoongezeka na hupitisha mishtuko moja kwa moja kwenye chipu. Angalia lumeni badala ya wati, maana wati ni matumizi na lumeni ni mwanga. Globu nzuri ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800. Na kati ya taa mbili zenye lumeni sawa, chukua yenye chipu nyingi, kwa kuwa kila chipu itabeba mzigo mdogo.

Mishtuko ya umeme inahitaji neno la ziada. Unguja hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ambako waya mkubwa zaidi ulilazwa mwaka 2013, na Pemba inaupata kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Popote umeme unapokatika na kurudi, dakika za kwanza ndizo zenye kupanda na kushuka kwingi. Umeme ukikatika, zima swichi zote isipokuwa moja itakayokujulisha umerudi, na usiwashe nyingine mpaka zipite dakika tano. Ni tabia isiyo na gharama, na Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, haiongezeki hata yuniti moja.

Hatua ya saba: Tumia swichi ya kupunguza mwanga kwa masharti

Nyumba za wageni hupenda swichi za kuzungusha zinazopunguza mwanga. Swichi hizo zilitengenezwa kwa globu za waya, nazo hukata sehemu ya kila wimbi la umeme. Draiva isiyoandaliwa kwa kazi hiyo hupepesa, hulia mlio mwembamba na kupata moto, kisha hufa mapema. Nunua globu iliyoandikwa wazi kuwa inaweza kupunguzwa, na swichi iliyoandikwa kuwa ni ya LED. Vikipatana, faida ni mbili, kwa sababu mkondo ukipungua joto hupungua na umri huongezeka. Usishangae ukipunguza umeme hadi nusu na chumba kisionekane cha nusu mwanga. Jicho halipimi kwa mstari ulionyooka, na kwa hiyo unaweza kupunguza kwa robo bila wageni kutambua.

Hatua ya nane: Kwa fundi pekee, punguza mkondo ndani ya globu

Globu nyingi za bei nafuu zimesukumwa kupita kiasi ili zing'ae dukani. Katika bamba lake huwa mna rezista mbili ndogo, yaani viungo vya kuzuia umeme vinavyopimwa kwa omu, zilizolazwa sambamba karibu na chipu ya kudhibiti mkondo. Zikiwa mbili za omu 10, kwa pamoja zinafanya omu 5. Ukiondoa moja inabaki omu 10 na mkondo unashuka hadi nusu. Mwanga hautashuka hadi nusu kamili, kwa kuwa chipu yenye mzigo mdogo na joto dogo hufanya kazi kwa ufanisi zaidi, na umri wa taa huongezeka sana. Kwa taa za ngazini na za ulinzi zinazowaka usiku kucha nauona huu kuwa mpango bora kuliko kununua mpya kila mara. Lakini bamba hilo limeungwa na umeme wa nyumba moja kwa moja, kapasita hubaki na chaji baada ya kuzimwa, na hakuna mahali salama pa kugusa wakati taa inawaka. Asiyejua kuikausha kapasita kwa rezista na kupima kwa mita asiifungue.

Hatua ya tisa: Taa za betri, za sola na za vyomboni

Taa ya sola iliyofifia mara nyingi ina betri mbovu na chipu nzima. Ichaji kwa siku kamili ya jua, iwashe usiku na utazame saa ya kwanza: ikianza kwa nguvu kisha ikaanguka haraka, badilisha betri, ikianza hafifu tangu mwanzo, chunguza chipu na vioo vyake, na futa paneli. Chuo cha Barefoot College kilichopo Kinyasini kimewafunza kina mama wa vijijini kufunga na kutengeneza taa za sola, na kijiji chenye mama wa namna hiyo kimpelekee yeye kwanza kabla ya kuitupa.

Tochi za kuchaji zenye betri ya risasi ya volti 4 zina kosa moja la matumizi linaloziua kwa wingi: kuwashwa huku zikiwa kwenye umeme. Chipu zake mara nyingi zimeungwa kwenye betri bila kizuizi cha maana, na wakati wa kuchaji volti hupanda juu ya zile zilizokusudiwa. Chaji, chomoa, ndipo uwashe. Wala usiiweke kabatini ikiwa tupu, maana betri ya risasi ikikaa bila chaji huharibika.

Wavuvi wa dagaa, wanaotoka usiku wa giza na taa ambazo zamani zilikuwa karabai, wanakutana na jambo kama hilo kwa ukubwa zaidi. Taa za utepe za volti 12 zina chipu tatu kwa kila kipande, zikitumia jumla ya volti 9.3 hivi, na volti 2.7 zinazobaki huchukuliwa na rezista ndogo. Jenereta inapochaji betri, volti hufika 14.4, na rezista ile sasa inabeba 5.1, kwa hiyo mkondo unakaribia mara mbili. Taa hung'aa vizuri sana usiku huo, na mwezi wa pili zimefifia. Tia kidhibiti kinachoshusha volti hadi 12 kamili kati ya betri na taa, au nunua taa zilizoandikwa volti 10 hadi 30, ambazo kwa kawaida zina draiva yake ndani. Baada ya kila safari ziogeshe kwa maji baridi zikiwa zimezimwa na zimepoa, na upake grisi kwenye viungio vya waya.

Hatua ya kumi: Badilisha kwa makundi

Msikitini au darasani, kubadilisha globu moja moja kila inapokufa huleta dari yenye mabaka, mpya ikiwa nyeupe kali na jirani yake imeshageuka. Weka rekodi ya siku ya kutiwa, zibadilishe zote za chumba kimoja kwa pamoja zinapokaribia asilimia 70, na wakati unaofaa ni Shaaban, kabla ya Ramadhani, mwezi ambao tarawehe na darsa huziwasha taa muda mrefu kuliko mwezi mwingine wowote. Zilizotolewa zikiwa bado zinawaka zipelekwe ngazini, stoo na chooni, ambako mwanga wa asilimia 70 unatosha kabisa. Zilizokufa hazina zebaki kama taa za mirija, lakini zina saketi na plastiki zisizofaa kuchomwa uani. Zikusanye kwenye boksi, mpe fundi achague kapasita, holda na mabamba ya alumini anayoyahitaji, na kilichobaki kiende pamoja na taka za manispaa.